Nilijenga project ya mtoto wa tajiri Ruiru, ikamwangusha binti yangu wa Kiganjo

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii story nimekaa nayo kwa roho nikiona haya kuitoa. Lakini jana simu imelia, mama mmoja wa Ruiru anataka nimtengenezee mtoto wake project ya shule, na nikajikuta nimekata simu kabla amalize kunisalimia. Bibi yangu akaniangalia akasema, "Si uende uambie watu wa internet, mimi nimechoka kukusikia ukiongea peke yako."

Basi nimekuja.

Sitaongeza chumvi. Nikidanganya mahali popote hapa, welding machine yangu ichomeke leo, na kwa vile stima ya huku kwetu ilivyo, haingehitaji kusukumwa sana.

Mimi ni fundi wa chuma. Niko na kibanda kando ya barabara hapa Kiganjo, Thika. Mageti, madirisha, majiko, vizimba vya kuku, hiyo ndiyo kazi. Bibi anauza mitumba hapo karibu. Tuko na msichana mmoja, Shiru, na wakati huo alikuwa Grade 9 kwa shule ya serikali ya hapa mtaani.

Sasa kwa wale hamna watoto wa CBC, huu mtaala mpya, nieleze kidogo, wale mko nao vumilieni.

Mtoto anatumwa nyumbani aunde kitu. Leo ni sanamu ya kufukuza ndege, kesho ni mizani, kesho kutwa ni toroli. Mwalimu anapeana marks. Lengo ni mtoto ajifunze kutumia mikono. Poa kabisa. Shida ni kwamba mzazi hataki mtoto apate marks mbaya, na mzazi mwenyewe hajui kushika nyundo. Kwa hivyo mzazi anaenda wapi?

Anakuja kwa huyu jamaa.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Ruiru, tumwite Mama Kayla. Nilikuwa nimemfungia geti huko kwake, geti nzuri hata yeye alikubali. Siku moja akanipigia, "Fundi, unaweza kutengeneza mizani ya watoto?" Kayla, naye Grade 9 kama Shiru, alikuwa anasoma academy moja huko Ruiru, zile za bus ya manjano na swimming pool.

Nikatengeneza. Mtoto akapata alama ya juu kabisa. Mama Kayla akaweka namba yangu kwa WhatsApp group ya wazazi.

Wakuu, sijawahi kuona kitu kama hiyo. Simu ikaanza kulia hadi kwa choo. Na kwa hiyo group hawakuwa wananiita fundi. Walikuwa wananiita Engineer.

Engineer! Mimi, mtu wa D plus ya Form Four! Hiyo kitu ilinipanda kwa kichwa vibaya sana. Nilianza kupokea simu hivi: "Hello, Engineer hapa." Nikanunua helmet nyeupe, zile za site. Ya nini? Nilikuwa natengeneza sanamu ya kufukuza ndege ya Grade 4, nikiwa nimevaa helmet. Bibi akaniuliza kama naogopa ndege wataniangukia.

Kulikuwa na ujuzi mmoja nilipata kwa hiyo biashara ambao sidhani mnaweza kufunzwa kwa college yoyote.

Wazazi walikuwa wanakuja wananiambia, "Engineer, fanya ikae ya mtoto."

Mnaelewa? Ikitoka safi sana, mwalimu atajua. Kwa hivyo nilikuwa naunda kitu vizuri, halafu naiharibu kidogo. Mguu mmoja mfupi. Msumari mmoja umepinda. Rangi imechuruzika pembeni. Nilijua hadi tofauti ya kuharibu ya Grade 5 na kuharibu ya Grade 8. Nilikuwa najivunia hiyo kitu, haki ya Mungu. Nilikuwa namwambia kila mtu kwa group, "Hiyo ndiyo special yangu." Wekeni hayo maneno kando, yatarudi.

Kitu cha pili cha kukumbuka. Fundi wa mageti huweka namba yake ya simu kwa kazi yake. Tembea hii Kiganjo yote uangalie nyuma ya mageti, utaona namba za mafundi. Mimi niko na stencil yangu nimekata kwa mabati, inaning'inia kwa msumari karibu na rangi. Kazi ikiisha, mkono unachukua stencil wenyewe, unapuliza rangi, imeisha. Kwa project za watoto nilikuwa nimejikataza kabisa kuweka namba. Kabisa.

Haya.

Shiru naye shuleni kwao hali ilikuwa nyingine. Mwalimu wao wa pre-technical, lile somo la ufundi, anaitwa Mwalimu Akinyi, mama wa kutoka pande za Siaya, mkali lakini ana roho. Hawana workshop. Watoto wamejaa darasa hadi wengine wanakalia dirisha, na wanapitishiana screwdriver moja kama sahani ya sadaka.

Ijumaa moja huyo mwalimu alikuja kwa kibanda changu mwenyewe, kwa miguu. Akasema, "Baba Shiru, tunaomba uje siku moja tu uonyeshe watoto vile chuma inakatwa. Hawajawahi kuona."

Nikamwambia, "Wiki ijayo, Mwalimu. Saa hii niko na order za Ruiru."

Nilimwambia hivyo nikiwa na helmet kwa kichwa. Wiki ijayo haikufika.

Sasa Shiru akaanza kuunda kitu chake hapo kwa kona ya kibanda. Nyanyake, cucu, anakaa Ngoliba, na kama unajua Ngoliba unajua huko ni jua tu na maembe. Maembe yakiiva yanaiva yote pamoja, broker anakuja anataja bei ya kukutusi, na yale mengine yanaoza chini. Shiru alikuwa ameona cucu akianika vipande vya embe juu ya gunia, vinashika ukungu, kuku wanakula. Ilimuuma.

Kwa hivyo akawa anatengeneza kikausho cha jua. Boksi ya mbao, chini mabati yamepakwa rangi nyeusi, juu nailoni ya kupitisha mwanga, ndani wavu wa kuweka embe. Na kitu ambacho alifikiria mwenyewe: kidude cha moshi juu, kama chimney, ameunganisha mikebe ya mafuta ya kupikia, ili ule unyevu upande utoke embe zisishike ukungu.

Alinieleza yote hayo. Najua alinieleza kwa sababu nakumbuka sauti yake ikishindana na grinder. Mimi nilikuwa nasema "mm, mm, sawa mami." Akiniuliza, "Baba, utanisaidia na huu mguu? Unayumba," nasema, "Kesho."

Kesho akiuliza, nasema kesho.

Akachukua kipande cha ndara kuukuu akaweka chini ya mguu, akaendelea na maisha yake.

Siku hizo hizo Mama Kayla akanipigia. "Engineer, kuna exhibition kubwa inakuja. This time usifanye ikae ya mtoto. Nataka ishinde. Wanataka kitu ya kusaidia wakulima. Uko na idea?"

Wakuu, hata sikufikiria. Mdomo ulijibu wenyewe: "Kikausho cha matunda, Madam. Cha jua. Na chimney juu ya kutoa unyevu."

Alifurahi sana. Na mimi nikafurahi zaidi. Nilikata simu nikajiambia, ebu ona vile hii kichwa inafanya kazi haraka! Sikukumbuka kabisa kwamba nilikuwa nimeambiwa na mtu. Naapa. Idea ya mtoto wangu iliingia kwa sikio nikiwa na kelele ya grinder, ikatokea kwa mdomo kama yangu, na nikajipongeza.

Hiyo kazi niliifanya kwa moyo. Kioo badala ya nailoni. Fremu ya square tube, welding imepigwa msasa hadi huwezi kuona kiungo kiko wapi. Chimney ya stainless. Solar panel ndogo na fan. Magurudumu chini! Nikapaka rangi ya kijani ile ile iliyobaki kwa kopo, ile Shiru alikuwa ameomba kidogo ya kupaka yake. Niliiunda Shiru akiwa shule, nikaipeleka kwa store ya rafiki yangu ikauke bila vumbi. Kwa hivyo hakuiona.

Na ilipoisha, kabla niipeleke huko store, nikiwa nimesimama hapo nikiitazama kwa upendo, mkono ulichukua stencil.

(Ngojeni kidogo, kuna mtu anauliza bei ya jiko.)

Nimerudi. Hakununua.

Basi, siku ya exhibition. Shiru alikuwa ameniambia yuko na kitu ya shule Ruiru, na mimi nikasema sawa, nitakuja. Sikujua ni exhibition gani. Hata asubuhi hiyo, tukibeba kikausho chake kwa pickup ya jirani, bado akili yangu haikuwa imeunganisha Ruiru na Ruiru. Mniulize nilikuwa nafikiria nini. Nilikuwa nafikiria nivae helmet au nisivae.

Njiani Mwalimu Akinyi ndiye alinieleza. Wafadhili fulani walikuwa wamesema project ya Grade 9 itakayoshinda, huyo mtoto watamlipia senior school, kuanzia Grade 10, boarding, miaka yote, kwa shule moja nzuri yenye workshop kamili. Welding, umeme, mashine za mbao, kila kitu. "Shiru ndiye pekee kutoka kwetu aliyefika hapa," akasema. "Huyu mtoto akikosa hii, Baba Shiru, ataingia day school ya hapa karibu, na huko hata screwdriver moja hakuna."

Nikamwangalia Shiru. Alikuwa amekaa nyuma na kikausho chake, ameshika ile chimney ya mikebe isitikisike.

Tukafika. Exhibition ilikuwa imewekwa wapi? Kwa hall ya academy ya kina Kayla. Tents ni zao, chakula ni chao, na yule chief judge, afisa mmoja wa elimu mwenye tumbo la heshima, alishuka kutoka kwa gari la director wa hiyo academy, wakicheka. Mimi mwenyewe niliona hiyo kitu nikasema, ah, watu wanajuana, ni kawaida.

Meza zilikuwa zimepangwa kwa aina ya kazi. Kilimo kwa kilimo.

Na hapo, wakuu, meza ya Shiru na meza ya Kayla ziligusana.

Nilikaa kwa kiti cha mzazi karibu nianguke. Mama Kayla akanipungia mkono kutoka mbele, nami nikapunga, kama mjinga.

Shiru aliangalia kile kikausho cha kijani. Akaangalia chimney. Akaangalia rangi. Halafu akageuka pole pole akanitafuta kwa viti, na akanipata.

Mimi niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa sandals.

Judges wakafika. Chief judge akaangalia ya Kayla, akatingisha kichwa kwa furaha. Akaangalia ya Shiru, mbao zimepinda, mikebe bado ina picha ya alizeti, kipande cha ndara chini ya mguu. Akamuuliza mbele ya watu wote, "Na wewe msichana, hii umeiga wapi?"

Shiru akasema, "Sijaiga. Ni yangu."

"Ni yako vipi na inafanana na hii, mpaka chimney?"

Angeweza kuniuza hapo hapo. Angenyoosha kidole tu. Hakunyoosha. Alirudia tu, "Ni yangu."

Wengine wakaanza kunong'ona. Kayla maskini alikuwa ameinamisha kichwa. Sina ubaya na huyo mtoto, naye aliamka asubuhi akaambiwa hii ndiyo project yako.

Lakini kulikuwa na judge mwingine, dada wa miwani, bado kijana. Huyo hakuwa anacheka na mtu. Alizunguka kikausho cha Kayla, akapapasa viungo, akachuchumaa, akaangalia chini ya boksi. Akawa anasoma kitu huko chini. Halafu akatoa simu yake.

Nikajua.

Ringtone yangu ni jogoo. Nimeweka jogoo kwa sababu kwa kelele ya kibanda nyimbo haisikiki. Na sauti iko juu mwisho wake.

Jogoo akawika kwa hiyo hall.

Nikapapasa mfuko wa suruali, hayuko. Wa koti, hayuko. Simu ilikuwa ndani ya sweta, chini ya koti, na jogoo anawika tu, watu wote wamegeuka, hadi watoto wa Grade 4 wanacheka. Nilipoipata nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa, na nikafanya kitu ambacho bibi yangu bado ananiigiza nacho hadi leo.

Niliipokea. Nikaweka kwa sikio nikasema, "Hello, Engineer hapa."

Yule dada, mbele kabisa, simu kwa sikio, akasema, "Engineer, hebu simama."

Nikasimama.

"Hii kazi ni yako?"

Nikasema, "Nilisaidia kidogo tu." Ngai. Hata saa hiyo bado nilikuwa nachunga wateja.

Mwalimu Akinyi akasimama kutoka upande wake. Hakupiga kelele. "Baba Shiru," akasema, "mtoto wako ameitwa mwizi. Sema."

Basi nikasema. Nikasema yote. Kwamba ile ya kijani ya magurudumu nimeiunda mimi kutoka msumari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwamba idea si yangu wala ya Kayla, ni ya Shiru, alinieleza nikiwa nakata chuma nikasahau ni yeye. Kwamba yeye chake ameunda peke yake na vipande vya kutupa.

Nikahisi nimekuwa shujaa kidogo. Hata nilinyoosha koti.

Chief judge akajikuna kidevu. Akauliza, pole pole, "Kwa hivyo wewe ndiye baba ya huyu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ni fundi?"

"Ndiyo, fundi wa chuma."

"Basi tutajuaje hiki chake pia hukuunda wewe?"

Wakuu, hiyo swali sikuitarajia kabisa. Nikaanza kujitetea na kitu cha kwanza kilichoingia kwa kichwa. Nikasema, "Si mwangalie! Angalieni hizo misumari zimepinda! Angalieni huo mguu! Mimi, fundi mzima, naweza kutengeneza kitu kibaya hivi?"

Watu wakacheka. Nikaona wanacheka, nikaendelea. Nikasema hata kuku hawezi kukubali kulala hapo. Nilikuwa nataka tu waamini. Nilikuwa namtetea mtoto wangu kwa kumtukania kazi yake mbele ya county nzima, na yeye amesimama hapo kando yake, ameshika ile chimney.

Na hapo Mama Kayla akainuka. Amependeza, mkoba kwa mkono, sauti ya upole.

"Samahani, Judge," akasema. "Engineer anajua kufanya kitu ikae ya mtoto. Kwa group yetu anasema hiyo ndiyo special yake."

Ningesema nini? Kwamba natengeneza ubaya wa uongo, lakini huu ni ubaya wa kweli?

Judges wakaenda kushauriana. Walienda kushauriana kwa ofisi ya director, mahali chakula ilikuwa. Tulingoja hadi soda zikaisha kwa tent. Waliporudi, chief judge alikuwa anajipangusa mdomo na serviette, na yule dada wa miwani alikuwa anatembea nyuma akiangalia sakafu.

Chief judge akashika mic. Akasema mzazi kumsaidia mtoto ni parental engagement, na hiyo ndiyo nguzo ya mtaala wetu. Mama Kayla ametafuta mtaalamu, amegharamika, ameonyesha anajali elimu ya mtoto. Apigiwe makofi. Mshindi ni Kayla.

Halafu akasema kuhusu Shiru. Akasema ni jambo la kusikitisha, lakini mtoto wa fundi kushindana na watoto wa kawaida si haki kwa wengine. Ana faida ambayo wenzake hawana. Kwa hivyo project yake imeondolewa.

Someni tena hapo, mimi nilihitaji kurudiwa mara kadhaa na bibi kabla iingie. Mwenye pesa ya kulipa fundi, huyo amejitahidi. Mwenye baba fundi, huyo amebebwa.

Na faida gani? Huyo mtoto aliniomba nimsaidie na mguu mmoja!

Mwalimu Akinyi alienda mbele akalalamika. Akaambiwa aandike, apitishie kwa njia zinazofaa. Aliandika. Akaandika tena. Nikimuuliza siku hizi ananiambia njia zinazofaa bado zinapita.

Njia nzima ya kurudi Thika Shiru alikaa nyuma na kikausho chake. Tukafika, tukateremsha kikausho, tukakiweka kwa kona yake. Mimi nikawa nazunguka zunguka hapo nikipanga vyuma ambavyo vilikuwa vimepangwa. Nikasema, "Mami, mimi sikujua." Akasema, "Najua, Baba."

Halafu akasema, akiangalia ile rangi ya kijani iliyokuwa bado imeshika kwa kucha zangu, "Kumbe unajua kuunda kikausho poa hivyo. Na mimi ulikuwa unaniambia kesho."

Akaingia ndani kusaidia mama yake na ugali. Nilibaki hapo. Nililia, wacha niseme tu. Mteja wa dirisha akaja akanipata hivyo, nikamwambia ni moshi wa welding, na mashine haikuwa hata imewashwa.

Siku iliyofuata Mama Kayla akanitumia message: "Engineer, congratulations to us!! Tumeshinda." Hakuwa na kinyongo kabisa. Akauliza kama nafanya project za Grade 10.

Niliondoka kwa hiyo group. Helmet nikampa jamaa wa mjengo. Ringtone nimebadilisha.

Shiru alienda day school ya hapa karibu. Ni ile Mwalimu Akinyi alisema, hata screwdriver hakuna. Siku hizi mimi huenda huko Ijumaa na tools zangu, naonyesha watoto kukata na kuchomelea chuma. Msinipigie makofi, ni kitu nilipaswa kufanya nilipoombwa mara ya kwanza, na bado kuna siku najisikia nikitaka kuwaambia wiki ijayo.

Sasa hiki ndicho kilinileta hapa.

Maembe yalipoiva tulienda Ngoliba, sisi watatu. Kikausho cha Shiru kiko huko kwa cucu, kando ya jikoni, na kinafanya kazi. Embe zinatoka kavu, tamu, hazina ukungu. Cucu anaita majirani waje waone, anawaambia, "Hii ni ya Wanjiru wangu," ndilo jina kamili la Shiru, na kuna mama wawili wameomba watengenezewe.

Lakini ule mguu bado unayumba. Bado uko juu ya kipande cha ndara.

Mimi nilikuwa nimekuja nimejipanga. Nilikuwa na nyundo, misumari, koleo, hadi kipande cha flat bar nimekata nyumbani kwa kipimo. Nikapiga magoti kwa mchanga. Nikajisemea, leo ndiyo ile kesho.

Shiru akatokea na beseni ya maembe. Akasimama.

"Baba, wacha."

"Ni mguu tu, mami. Sasa hivi namaliza."

"Usiiguse," akasema. "Ukiigusa hata kidogo, itakuwa wale watu walisema ukweli."

Hakusema kwa hasira. Alisema vile unamwambia mtu asikanyage mahali pamepigwa deki. Akaweka beseni chini, akaanza kumenya.

Nikarudisha koleo kwa mfuko. Cucu akanipa kisu, nikakaa nikakata maembe na wengine. Kidogo nikasikia, "Nyembamba, Baba. Hivyo hazitakauka." Nikakata nyembamba.

Wakuu, funzo nililopata ni dogo na liko wazi. Mtoto akikuambia kitu, zima grinder. Wale maafisa na hizo academy zao ni shida, na tutawasema hapa hadi kesho, lakini siku ile walikula chakula kilichopikwa na mimi.

Sasa naomba msaada, hasa nyinyi wenye mabinti wakubwa. Huyu mtoto hajaninunia. Ananiletea chai kwa kibanda, ananisalimia vizuri, ananicheka nikikosea. Unamwomba vipi msamaha mtu ambaye hajakukasirikia?

Karibuni mcheke, hata mimi nimecheka nikiandika. Lakini mkimaliza kucheka, mnijibu.